Maili ya Kumi na Nane

Nilipofika Prestonpans upepo wa baharini
ukanikaba kama mtu anayenidai.
Miaka hamsini na miwili, goti moja bovu,
fulana ya zambarau yenye jina la chumba kimoja
juu ya duka la mazulia, kule Leith,
ambako kila Jumanne usiku
Bi Dalgleish, kiziwi tangu kuzaliwa,
hutufundisha wazazi kusema kwa mikono.

Chumba kinavuja. Kodi imepanda.
Basi nakimbia.

Wenzangu wa zamu ya usiku,
tunaofua mashuka ya hospitali,
walichanga pauni tano tano.
Agnieszka alitoa ishirini, akanikazia macho:
"Ukianguka njiani, nazitaka zirudi."
Mwenye duka la mazulia alitoa hamsini,
yeye huyohuyo aliyepandisha kodi.
Nilizipokea. Nikasema asante.
Mpaka leo sijui nilikuwa namshukuru kwa lipi.

Kwa miaka tisa nilimpigia mwanangu kelele.
Sijifichi.
Daktari alisema, mkimzoesha mikono
ulimi wake utalala usiamke;
nami nikaitia mikono yangu mfukoni,
nikamshika Struan kidevu, nikamgeuza anitazame:
sema maji. Sema maji. Maji.
Chakula kikapoa mezani jioni baada ya jioni,
naye akiisoma midomo yangu
kama mtu anayesoma gazeti lililolowa,
neno hapa, neno pale,
kwingine wino mtupu.

Halafu usiku mmoja, homa imempanda,
nilikwenda kumbadilishia kitambaa cha kichwa
nikaviona vidole vyake juu ya blanketi
vinakwenda, vinasita, vinauliza, vinajibu.
Alikuwa usingizini.
Mwanangu alikuwa anaota
kwa lugha ambayo mama yake haijui.

Nilikaa pale mpaka kukacha.
Jumanne ile nikapanda ngazi za duka la mazulia.

Sasa maili ya kumi na nane, karibu na Gosford,
na watu wamejipanga kando ya barabara
na kengele, na masufuria, na ngoma ya plastiki,
wanapaza sauti: umekaribia, mama! Bado kidogo!
Waongo wa Mungu.
Maili nane si kidogo.
Tena sikuwa nasikia neno, ila mvumo,
damu na upepo vimenijaa masikioni,
kila mdomo unafunguka na kufumba bure
na nikawaza, kumbe ndivyo
nilivyokuwa mezani pangu.

Ndipo nikamwona, ng'ambo ya kona,
hatua mia mbili na ushei,
amesimama juu ya ukuta wa mawe
na koti lake la manjano.
Kati yetu umati mzima unapiga kelele.
Mikono yake ikapita juu ya vichwa vyao vyote,
ikanifikia safi, haikupungua hata herufi:

*Wewe. Unakimbia. Kama bata. Bata mlevi.*

Kisha, uso umekunjamana kwa uzito:
*Kiatu. Kamba. Itazame!*

Nikatazama. Ya kushoto ilikuwa inaburura lami
sijui tangu lini.
Nikainama, goti likalia,
nikafunga kwa vidole vilivyokufa ganzi,
nikasimama, nikapeleka mkono kidevuni
kumwambia asante,
lakini baridi ilikuwa imevikunja vidole
na sijui nilitamka nini,
kwani Struan alijishika tumbo akicheka
nusura aanguke ukutani.

Bwana mmoja aliyevaa kama nanasi
alikuwa akihema ubavuni pangu,
majani yake ya karatasi yamelala upande mmoja.
Akaniuliza: "Yule kijana anasemaje?"

"Anasema tumekaribia," nikamjibu.

Na yule bwana, maskini,
akaongeza mwendo.