Milimita Mbili

Ripoti yake ya kwanza ilinifikia Jumatatu, mvua ikipiga dirisha:
shimo, Mtaa wa Alder, mbele ya namba arobaini na moja.
Pini nyekundu kwenye ramani. Picha moja.
Ndani ya shimo, kijiko cha chai kimesimamishwa wima,
mpini umepinda kidogo,
ili nijue kina.
Jina: Wilfred Ormerod. Maelezo:
"Gari la maziwa limeruka. Mayai dazeni moja, buriani."

Mimi ni Nazneen, ghorofa ya pili, meza iliyo karibu na bomba la joto
linalogonga kama mtu aliyefungiwa chooni.
Kazi yangu ni kusoma na kufunga.
Halmashauri imesema milimita arobaini:
kisichofika hapo si shimo, ni hali ya barabara.
La Bwana Ormerod lilikuwa thelathini na nane.
Nikabonyeza: Limefungwa.
Asante kwa kutusaidia kuutunza mji.

Akarudi. Safari hii na rula.
Akarudi na kiatu cha marehemu mkewe, cha kulia,
kisigino kimezama, ncha imeelekea mlimani.
Thelathini na nane.
Akaripoti taa namba saba inayokonyeza usiku kucha,
godoro nyuma ya kanisa
("limeshazaa la pili"),
na mtoto wa kina Hussain aliyeanguka na baiskeli:
"Goti limeshonwa nyuzi tatu. Shimo halijambo."

Najua, najua, usipoziba ufa.
Ya ufa haikuwamo kwenye bajeti ya mwaka ule.
Ya ukuta, tuliambiwa, itajadiliwa Aprili.

Siku moja gari la lami likaenda kweli.
Wakaziba la namba thelathini na tisa,
kwa kuwa pini ilikuwa imeteleza kwenye ramani
upana wa unywele.
Akaandika:
"Mwambieni fundi kazi yake safi.
Shimo langu linamwonea wivu mwenzake."
Nilicheka peke yangu, kisha nikafunga.

Halafu Februari, kimya.
Barafu ikapasua mji mzima, ripoti zikamiminika,
mia mbili kwa siku, majina nisiyoyajua, hasira za watu wageni.
Wiki tatu. Wiki sita. Tisa.
Sikuwahi kudhani mtu anaweza kukumbuka lawama.
Kila asubuhi niliitafuta pini yake
kama ulimi unavyotafuta pengo la jino.

Alhamisi, saa ya chakula, nikapanda basi
na rula mkobani.

Mtaa wa Alder ni mfupi kuliko unavyoonekana kwenye skrini,
na mteremko wake hauonekani kabisa.
Taa namba saba ilikuwa inakonyeza, mchana.
Shimo halikuwepo.
Palikuwa na saruji, imevimba kama mkate uliozidi hamira,
na juu yake nyayo nne za paka,
zimekauka.

Mlango ukafunguka kabla sijabisha.
Mzee mfupi, sweta ya kijani,
matone ya kijivu kwenye ncha za ndara.
Akaiangalia kadi iliyoning'inia shingoni mwangu.
"Halmashauri," akasema. Hakuwa akiuliza.
"Sikufanya mimi."

Kuigusa barabara bila kibali ni kosa.
Fomu yake ipo, ya bluu, kurasa tatu.
Nikapiga magoti kwenye lami yenye maji,
nikasimamisha rula kando ya lile tuta,
nikapima, nikapima tena kwa jicho moja.
Arobaini na mbili.
Kwenda juu.

"Bwana Ormerod," nikasema, "sasa linafika."

Alikaa kimya muda, mkono kwenye kitasa.
Kisha mabega yakaanza kutikisika,
na nikaona ni kicheko, au nusu yake.
"Basi ingia uniripoti ukiwa umekaa," akasema. "Chai?"

Kijiko alichonikorogea
nilikitambua.