Misumari ya Mwariki

Kila tarehe mosi nilipigilia msumari
kwenye nguzo ya lango la chini,
pale maji ya ziwa yalipofika.
Kumi na moja. Wa kwanza sikuuona tena.
Nikajumlisha nafasi zao: dhiraa mbili.

Jerotich akaja kutoka Njoro na ramani ya setilaiti,
akavua viatu, akakunja suruali.
"Limepanda, mama, lakini nusu ya hapo."
Nikacheka.
Nani hulala hapa akisikia magadi yakilamba saruji?
Setilaiti ilikuwa wapi
siku flamingo alipoingia kwa kuku wangu?

Hakubishana. Aliazima futi yangu ya ushonaji,
akapima toka bawaba hadi udongoni.
Bawaba niliyoifunga mwenyewe, usawa wa bega,
sasa ilinifika kiunoni.

Nguzo ilikuwa inazama.
Wima, polepole, kwa adabu,
kama mgeni anayeketi kabla hajakaribishwa.
Nami mwaka mzima nahesabu kupanda kwa maji
juu ya kitu kinachoshuka.

Hakutabasamu. Kwa hilo nampenda hadi leo.
Akaandika kwenye daftari lake:
nyumba i salama, miaka mitatu.

Aprili maji yakaingia jikoni.
Nikampigia simu. Akanyamaza,
kisha, kwa sauti ya mtu anayetafuta kalamu,
"Yamefika wapi, mama?"

Nikautazama ukuta.
"Ngoja," nikasema,
"kwanza nihakikishe ukuta wenyewe uko palepale."