Usisugue Pipa

Mama alinichapa mara moja tu maishani,
kwa ajili ya utelezi.
Pipa la mvua lilikuwa limeota ukijani kwa ndani
nami nikateka bila kulisugua.
"Mvivu utamjua kwa pipa lake," alisema.
Nikasugua, kwa mchanga na gunzi.
Miaka arobaini nikasugua.

Leo Tusajigwe, binti yangu, karudi kutoka chuo Mbeya
na chupa ya maji ya kijani, mazito kama mchicha uliopondwa,
ananiambia: Mama, usisugue.

Hapa Makongolosi tunaosha unga wa karasha.
Maji yanapita mwaloni, yanapita mikononi mwetu
na zebaki ndani yake, ile nzito ing'aayo,
inayokimbia kiganjani kama mtoto asiyetaka kuogeshwa.
Huinasa dhahabu. Sisi huiunguza kwenye kijiko.
Moshi huenda. Tuliamini umekwenda.
Kikombe cha chai kinapogonga meno yangu
ndipo najua haukufika mbali.

Kapanga madumu kumi na mawili, yaliyokatwa shingo,
juani, nyuma ya choo, kuku wasikofika.
Anayatilia samadi kijiko kimoja, anayakoroga alfajiri
kama uji wa mgonjwa.
Vijidudu hivi,
hapana, anakataa, si vijidudu, Mama, ni mwani,
mdogo hata elfu ungelala juu ya punje ya ulezi.
Hauna mzizi, hauna jani, hauna hata jina kinywani mwangu,
ila ngozi yake inanata, na zebaki ikipita
inashikwa,
kishona nguo kwenye pindo la gauni.

Siku ya tisa akapeleka maji Mbeya, yakapimwa.
Imepungua, akasema. Haijaisha.
Nilipenda kwamba hakunidanganya.

Basi nikauliza swali la mtu wa marudio,
maana sisi hurudia hata mchanga uliokwisha kuoshwa:
huo mwani ulioshiba, unaenda wapi?

Akanyamaza.
Akauchuja kwa kanga yangu ya zamani, akauanika,
ukawa unga rangi ya mlenda mkavu,
nusu kopo la maziwa.
Usiutupe. Usiuchome. Mbuzi asiulambe.
Mpaka wapate pa kuuzika.

Chumbani nina sanduku moja lenye kufuli.
Mna gramu mbili za dhahabu, na hati ya kiwanja.
Nikazisogeza.