Unywele wa Kioo

Walianza kuchimba wiki ya mwisho ya Machi,
kabla jua la Ibra halijaanza kuuma.
Mstari wa chokaa ulipita mbele ya mlango wangu,
ukauzunguka mtende wa jirani,
ukaenda moja kwa moja hadi skuli ya wasichana.
Nikauliza: bomba la nini?
"Si bomba, mama," akasema kijana wa Kibengali,
Kiarabu chake cha kuokoteza, kama changu nilipofika.
Akanionyesha ncha ya waya aliyoichuna:
unywele wa kioo,
mwembamba kuliko uzi ninaodarizia kofia.
"Humu unapita mwanga."

Mimi kofia nashona tangu Unguja.
Kofia za viua, tundu kwa tundu,
moja wiki sita, macho yakiniridhia.
Jumatano nazipeleka soko la wanawake,
na Jumatano dalali hunitajia bei,
nami hukubali,
maana mteja wake simjui, naye hanijui.
Siku moja Thuraya alizipiga picha tatu
ampelekee mtu wa Sohari.
Akapanda darini, simu juu kama anayeanua nguo,
duara likizunguka, likizunguka.
Picha ya kwanza ilifika alasiri.
Ya pili ilikwama ukingoni mwa kofia.
Mtu wa Sohari akanunua ya kiwanda.

Siku ya tisa mashine ikauma falaji.
Ukuta wa mfereji ukapasuka,
na zamu ya maji ya Mohsin bin Hilali,
nusu saa yake, wenyewe huiita athari,
ikamwagika yote handakini.
Alikuja kanzu ameikunja magotini.
"Mitende yangu inywe mwanga?"
Hakuna aliyejibu. Mhandisi alitazama viatu vyake.
Kazi ikasimama siku kumi na moja.
Wanaume barazani, kahawa ikienda ikirudi,
hata yakaandikwa:
ukuta ujengwe kwa udongo uliochomwa, kama wa babu zao,
waya upite chini ya maji, kamwe usipite juu,
na kampuni iende mnadani
ikamnunulie Mohsin nusu saa nyengine.

Sasa kisanduku kipo ukutani, kijicho chake kijani.
Nimeuza kofia Salala, nimeuza Doha.
Moja imekwenda Mombasa kwa bwana harusi
aliyetaka kuiona ndani na nje;
nikaigeuza mbele ya kamera, polepole,
naye akahesabu viua kwa sauti.
Bei nilitaja mimi.
Nilipoitaja ilinikwama kooni. Sikuwa nimezoea.

Wala si kwamba yote yamenyooka.
Dalali haitikii salamu yangu.
Soko la Jumatano lina nafasi mbili tupu,
moja ni yangu.
Shamsa halali hadi saa nane ya usiku.
Na Bi Zamzam, ng'ambo ya wadi, bado anapanda darini:
waya umeishia darajani.
Kuvuka, wamemwambia, ni bajeti nyengine.

Jana usiku nilifungua dirisha
nikamkuta Rafikul amechutama ubavuni mwa ukuta wangu.
Handaki lake limeshafukiwa, lami mpya juu yake.
Simu ameiinua, anatafuta.
Mwanawe amezaliwa Silheti, leo siku ya nne.
Kambini kwao, aliyeuleta mwanga,
mwanga haujafika.

Falaji, kabla haijagawiwa mitende,
kabla ya wakili na daftari na saa yake,
hupita kwanza penye ngazi tatu za mawe
ambapo yeyote huinama akanywa,
mpita njia, mgeni, hata punda.
Kiu haina zamu.

Nikamsomea neno la siri, herufi kwa herufi,
kupitia nondo za dirisha.
Duara halikuzunguka.
Uso mdogo mwekundu ukajaa kiganjani mwake,
ukapiga chafya.
Nikarudi kwenye kofia.
Nilikuwa nimebakisha viua kumi na saba.