Utepe

Olomouc. Theluji imerundikana dirishani.
Bohdana ameinamia ndege ndogo kuliko kiganja chake.
Fedha ya bawa aliipulizia juzi;
haamini king'aacho mapema.

Utepe haubandiki hivi hivi.
Kwanza pajani, kwenye jinzi: aubandika,
aubandua, aubandika tena,
hadi gundi isahau nusu ya ukali wake.

Mwaka jana aliharakisha.
Fedha ikang'oka na utepe, kama utando wa maziwa,
plastiki ya kijivu ikamkodolea macho.

Leo amepulizia nyeusi, chai imepoa,
anaukunja utepe juu ya mgongo wake wenyewe,
polepole,
pumzi ameishika.

Mstari umenyooka.
Ila ukingoni pana alama ya kidole,
kidogo mno kuwa chake.
Vítek, mjukuu.
Anaiacha.