Maji ya Tatu

Kiwandani kwetu Kilolo maji yana majina.
Maji ya kwanza ni ya chupa,
yaliyochemka, yasiyoguswa na mkono.
Maji ya pili ni hayohayo, yamekwisha suuza,
yanashuka hadi kwenye karai la kreti.
Maji ya tatu ni ya sakafu,
na mimi, Tulalumba, binti wa mgema,
ndiye niyasukumaye kwa fagio refu.

Zamani hatukuhesabu.
Ndoo moja ya mvinyo ilikunywa ndoo saba za maji
kabla mlevi yeyote hajauonja.
Mpira ulilala wazi kama ng'ombe asiye na mwenyewe,
na yote, makapi, povu, magadi,
yakateremka bondeni, kwenye vinyungu vya watu.

Mama Kihwele hakuja na mwenyekiti wa kijiji.
Alikuja na shina la maharage,
na mizizi yake, jeusi kama utambi,
akaliweka mezani kati ya chupa zenye lebo za dhahabu,
akasema, "Na hili litieni lebo."

Siku hiyo Mdemu, mwenye kiwanda, hakula.
Kesho yake alinunua koki kumi na moja.

Baba aligema ulanzi Kidabaga.
Mwanzi haukumdai ndoo hata moja:
kisu asubuhi, kisu jioni, mbeta ikining'inia,
na viganja viwili vya maji kuisuuza.
Nilikuwa nikimcheka kwa ubahili.

Sasa nahesabu kwa kata.
Makapi wanakula nguruwe wa Chusi
(wiki ya kwanza walilala kifudifudi, wakikoroma Kihehe).
Kokwa za pichi tunazianika,
ndizo zinazochemsha maji ya kwanza.
Mashapo yamekuwa siki.
Ndoo saba zimeshuka, ni mbili na nusu;
hiyo nusu inaninyima usingizi.

Maji ya tatu hukaa kwanza shimoni,
kwenye changarawe, mkaa na matete,
siku nne, yakitubu.

Wageni wa Iringa mjini huinua bilauri dirishani,
wanasema wanasikia harufu ya moshi, ya asali.
Hakuna anayesikia kata.

Jana Mama Kihwele alipita na jembe begani.
Hakutusalimu.
Ila mferejini aliinama,
akachovya kidole, akakilamba.
Nilisubiri ateme.

Akavuka, akaenda zake.