Wanaokuja na Mvua

Mvua ikipiga bati la duka langu hapa Oli,
ndipo wanaume huja.
Kelele ya juu huwafichia sauti ya chini.
Huanza na Panadol. Kisha plasta.
Kisha husoma bango la malaria neno kwa neno
hadi mama mwenye mtoto anayekohoa aondoke,
ndipo: "Na ile… ile ya wakubwa, unayo?"

Ninayo. Lakini keti kwanza, nikufunge mkono.

Mkanda wa presha huwaudhi.
"Dada Ayikoru, si mkono unaonisumbua."

Anguzu, wa lori la mbao za Kongo,
alimeza viwili kwa mpigo,
kwani kimoja, asema, ni cha watoto,
akavisindikiza kwa waragi na sahani ya nguruwe,
akangoja kama mtu angojaye umeme urudi.
Mafuta yakaichelewesha dawa, pombe ikamlegeza,
kichwa kikamgonga hadi alfajiri.
"Umeniuzia feki!"
Dawa hufungua njia ya damu tu, Anguzu.
Haitamani kwa niaba yako.
Ukimeza ukaketi kuutazama ukuta,
utakuwa mtu anayeutazama ukuta.

Draku, miaka ishirini na sita, arusi Jumamosi,
hana ugonjwa wowote ila wenzake wa stendi ya boda,
waliomwambia bibi arusi wa siku hizi hucheka.
Nilimuuzia chupa ya maji. Nikamwambia akalale.

Mzee Bakhit nilimnyima kabisa.
Ana kidonge chake cha moyo, cha kuweka chini ya ulimi,
na hivyo viwili havikai nyumba moja:
presha huporomoka
kama ndoo iliyokatikiwa kamba kisimani.
"Kwani nimezeeka kiasi hicho?"
Si uzee, mzee wangu. Ni hesabu.
Akaninunia. Mwezi wa tatu huu.
Yu hai, ananinunia.

Sasa niseme langu.

Miaka kumi na mmoja nimewafundisha watu haya,
na bado, siku niliyofua koti la Onzima
nikakuta nusu kidonge ndani ya karatasi ya sigara,
rangi isiyo ya dukani kwangu,
sikuwaza damu, wala njia.
Niliwaza mwanamke.
Nikampa na kimo: mrefu, wa Mvara, mwenye mwanya.
Wiki mbili nikampakulia mume wangu enyasa bila neno,
nikisikiliza simu yake kuliko moyo wake.

Kumbe alikinunua mpakani, Vurra,
kwa mchuuzi wa saa na betri,
ili mke wake mwenye duka la dawa asijue
kwamba ni kwa ajili ya mke wake mwenye duka la dawa.

Aliniambia taa ikiwa imezimwa.
Alikuwa ameugeukia ukuta.

Nami nikakumbuka: jagi la maji linaloisha usiku,
mlango wa nyuma unaolia mara nne kabla ya jogoo,
viatu vyake vilivyoanza kumpwaya.
Mimi ninayewachoma vidole mitaa yote hii,
chake sikuwahi kukishika kwa sindano.
Asubuhi kipimo kikasoma kumi na saba.
Sukari.
Mwili ulibisha mlango wa aibu
kwa kuwa ile mingine ulibisha, hatukufungua.

Siku hizi anameza dawa ya sukari, anatembea hadi Ediofe na kurudi,
analalamikia chai yangu chungu.
Kuna usiku wa kidonge, kutoka kabati langu, kwa kipimo changu.
Kuna usiku wa stori tu, na mguu wake juu ya wangu.
Yule mrefu wa Mvara bado namwona mara mojamoja
nikiwa nimechoka. Sijui nimfukuzeje.

Mawingu yamekaa vibaya upande wa Kongo.
Tone la kwanza, la pili, kisha bati lote.
Kuna mtu amesimama mbele ya bango la malaria.
Namwacha asome.
Natoa mkanda, nauweka juu ya kaunta,
na kiti.